Sentensi Zenye Jasho

Juzijuzi jioni mama alinipigia simu akaniuliza, "Unakuja?" Nikamjibu, "Nakuja, mama." Yakaisha hapo. Yeye akaenda kufungia kuku wake, mimi nikabaki na neno hilo mpaka majogoo wa jirani walipoanza kuwika. Nakuja. Nilikuwa na maana gani? Kwamba niko njiani? Nilikuwa nimelala chali nikitazama bati. Kwamba huwa nakuja? Sijaenda tangu msiba. Kwamba nitakuja? Basi kwa nini sikusema nitakuja, neno lipo, ni jepesi, na kila mtu analielewa. Mtu mwingine angegeukia ukutani akalala. Mimi nina shahada, na kazi kubwa iliyonifanyia mpaka sasa ni kuninyima usingizi.

Jambo lenyewe si dogo. Mume wa mama alifariki, na watoto wa yule baba wakashika njia zao, isipokuwa mmoja aliyejenga jirani. Magoti ya mama yanamsumbua. Anataka nihamie kwake, Mbuji, nikakae naye. "Chuo umemaliza, kazi hujapata, sasa huko ziwani unangoja nini?" ananiuliza kila tunapoongea, na kila mara namjibu kwa neno lilelile. Huku nako, Mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, anapita mlangoni na beseni la dagaa, anasikia yote, na hasemi kitu.

Labda ni chaki iliyonitia mawazo haya. Tangu nirudi hapa kijijini bila ajira ninajitolea kufundisha Kiingereza shule ya msingi, na siku hiyohiyo asubuhi nilikuwa nawafundisha darasa la tano tofauti ya "I go" na "I am going". Nilifuta ubao kwa sponji iliyolowa, na ile harufu ya chaki mbichi ikanikaa puani siku nzima. Kwangu mimi harufu hiyo ni ya mwalimu mmoja tu, na ya kipindi kile nilichokuwa nikimsubiri mama.

Nililetwa huku nikiwa na Kiswahili cha kuazima. Kwetu Matiri tuliongea Kimatengo. Kiswahili kilikuwa cha kanisani na cha darasani, ukitoka unakiacha mlangoni. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo mno, ninachokumbuka ni koti lake lililobaki likining'inia kwenye msumari. Asubuhi moja ya baridi mama alinivika sweta la kijani, akanifunga vifungo vyote mpaka kidevuni, tukapanda lori lililobeba mahindi. Sikuelezwa tunakwenda kufanya nini. Tulipofika kwenye kona za juu, pale unapoanza kuteremka, nililiona ziwa nikadhani ni ukungu. Kwetu asubuhi ukungu hujaa bondeni hivyohivyo, mweupe na mpana, mpaka jua liutoe. Nikawa nangoja utoke nione mashamba yaliyo chini yake. Tuliteremka, tukateremka, hewa ikawa nzito kama mvuke wa sufuria, na ukungu haukutoka.

Mama alilala usiku mmoja kwa mdogo wake. Asubuhi tulikunywa chai. Alipofika nusu ya kikombe akasimama, akafunga kitenge vizuri, akasema, "Nakuja," akapita nyuma ya jiko.

Sikushtuka. Kila mtu niliyemjua alisema hivyo alipotoka. Anakwenda chooni, anasema nakuja. Anakwenda dukani kununua chumvi, anasema nakuja. Ni adabu tu: unampa mwenzako mgongo, basi unamwachia na neno la kurudi. Nilichofanya ni kuchukua kisahani nikafunika kikombe chake, inzi wasiingie. Mama mdogo alikiona. Hakukigusa mpaka jioni, na alipokiondoa chai ilikuwa imefanya utando wa kahawia.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza.

"Anakuja."

Nikaendelea kuvaa sweta. Watu wa huku hawavai sweta hata kwa kuazimwa. Kina dada wa jirani walipita wakiniangalia kama mgonjwa.

"Vua hilo dude," Mama mdogo alisema, "utaiva kama muhogo."

"Mama ndiye aliyenivika."

"Alikuvika kwa ajili ya baridi ya Matiri. Huku unaiona baridi?"

"Akija atanikuta sina."

Akashika ufagio. "Haya. Iva."

Niliandikishwa shule. Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimwita Nau, kwa sababu neno "now" alilitamka kama anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Alikuwa mwembamba, suruali yake nyeupe kwa chaki kuanzia mfukoni mpaka gotini, na alifundisha madarasa mengi mno kiasi kwamba wakati mwingine aliingia akasimama kidogo akitutazama, akijaribu kukumbuka sisi ni nani. Sasa na mimi nafanya hivyo. Lakini alikuwa na njia yake ya kufundisha ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote.

"Kiingereza kina sentensi zenye jasho na sentensi zisizo na jasho," alisema. "'I go to school.' Kaa chini, kunja mikono, tulia. Hakuna jasho. Ni jambo la siku zote. Hata ukiwa umelala linabaki kuwa kweli. Sasa: 'I am going to school.' Inuka! Nataka nione miguu! Now! Mwili usipofanya kazi, hiyo -ing yako ni ya uongo."

Tulilipenda somo hilo kuliko yote. Mmoja alipewa ufagio, darasa zima likapiga kelele, "She is sweeping!" Hamisi, mtoto wa mwenye duka, aliambiwa ale, akawa anatafuna hewa, anameza, anajilamba vidole, mpaka Nau akamwambia, "Inatosha, umeshiba," na Hamisi akauliza kama anaweza kuongezewa.

Wenzangu waliichukua kanuni ile kama mchezo. Mimi niliichukua nyumbani. Kiswahili, lugha niliyokuwa bado naichechemea, kilikuwa kimenipa neno moja, anakuja, lenye milango miwili, na hakuna aliyeniambia nipite upi. Anakuja sasa hivi, miguu ikiwa barabarani? Au anakuja tu, kama mvua inavyokuja, kama Krismasi inavyokuja? Nau alikuwa amenipa kipimo.

"Mama mdogo," nikamuuliza siku moja akianika dagaa mchangani, "mama anakuja ya jasho, au anakuja isiyo na jasho?"

"Jasho gani tena? Hilo linalokutoka humo ndani ya sweta?"

"Anakuja sasa hivi, au anakuja tu?"

"Anakuja. Hebu sogeza hilo beseni, kunguru hao."

Nikaamua mwenyewe. Ni ya jasho. Anakuja tu halikuwa jambo ninaloweza kulipiga picha. Mtu anayekuja lazima awe mahali fulani kati ya huko na huku. Kwa hiyo kila Mama mdogo aliposema anakuja, nililipokea neno kama taarifa. Akisema asubuhi, basi mama asubuhi hiyo amepanda gari Mbinga mjini, kule milimani. Nikitoka shule nilikwenda mpaka kwenye kona ambapo magari ya kutoka milimani hupunguza mwendo, nikakaa juu ya jiwe. Sasa wanateremka, nilijiambia. Sasa wamesimama kupoza injini. Jasho lilinitiririka mgongoni, sufu ikawasha shingo, na nikafurahi, kwa sababu nilidhani jasho langu na la mama ni moja, kwamba nikilowa mimi huku basi sentensi yake huko ni ya kweli.

"We mtoto wa milimani," mwanamke mmoja aliyebeba kuni alinitania akipita, "huo moto unaota wa nani?"

Gari lilipita na vumbi lake, watu wakashuka na mizigo yao, mbuzi, magunia, godoro. Nikarudi nyumbani. Kesho yake Mama mdogo alisema tena anakuja, nikarudi kwenye jiwe.

Ndipo ikafika siku ya mlango. Somo lilikuwa lilelile, na Nau alikuwa na mafua. Akanyoosha chaki kwangu.

"Wewe wa sweta. Stand up. Walk to the door."

Nikasimama, nikaanza kutembea. Nilipokaribia mlango aliniuliza kwa nyuma, "What are you doing?"

Jibu nililijua. Tulilikariri wiki nzima. Lakini nilikuwa nimewapa mgongo, mlango uko mbele yangu, na kinywa changu kikatafuta neno linalosemwa na mtu anayetoka. Kikalipata.

"I am coming," nikasema.

Darasa lililipuka. Hamisi alipiga dawati. "Mwalimu, huyo anakuja kinyumenyume!"

"Coming?" Nau akasema. "Unakuja wapi?"

"Nakuja, Mwalimu."

"Mbona unaondoka?"

"Naondoka, nakuja."

Nafikiri alielewa, kwa sababu hakucheka. Yeye pia lazima alisema nakuja asubuhi ile alipotoka kwake. Lakini alikuwa na somo la kumaliza. "Hapana," akasema. "Kiingereza hakina adabu hiyo. Kiingereza kinaangalia mgongo. Uso ukiwa huku kwangu, you are coming. Mgongo ukiwa huku kwangu, you are going. Say it. I am going."

"I am going."

"Again."

"I am going," nikasema, na nikaona kitenge cha mama kikipita nyuma ya jiko. Mgongo wake. Uso haukuwa huku. Nikatoka mlangoni, na miguu ikaendelea.

"Mwalimu!" nilisikia Hamisi nyuma yangu. "She is going! She is going kweli!"

Nau alinikuta kwenye tangi la maji, nimekaa chini kwenye kivuli chake.

"Nilikuambia mlangoni," akasema, "sikukuambia uvuke ziwa mpaka Malawi."

"Mwalimu, mtu akisema nakuja huku anaondoka, kwa Kiingereza ni nini?"

"Anasema 'I will come back'."

"Na kama hakusema hivyo? Kama alisema nakuja, basi?"

Alipenga kamasi, akajipangusa mikono kwenye suruali iliyokuwa nyeupe tayari. Ziwa lilikuwa limetulia mbele yetu, na hakuwa na haraka ya kuacha kuliangalia. "Alikuwa anakwenda," akasema. Kisha, kama aliyejiogopa, akaongeza, "Lakini kwenye mtihani hawaulizi hilo. Twende darasani."

Jioni ile sikwenda kwenye jiwe. Nilimkuta Mama mdogo akigeuza dagaa, nikasimama mbele yake.

"Mama alikuwa anakwenda," nikasema.

Mikono yake ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Mwalimu wa Kiingereza."

"Mwalimu wa Kiingereza anamjulia wapi dada yangu?"

Nikamweleza habari ya mgongo. Sijui nilieleza vipi, kwa Kiswahili changu kile, lakini alisikiliza mpaka mwisho, akachuchumaa tukalingana macho. Magamba ya samaki yalikuwa yamemkauka mikononi, yanang'aa.

"Mama yako ameolewa," akasema. "Mbuji. Yule baba ana watoto wake. Mwanamke akiolewa hivyo, huwa haendi na mtoto."

"Huwa?"

"Huwa."

Neno hilo, huwa, nililijua. Huwa ni neno lililokaa chini likakunja mikono. Hata ukilala linabaki kuwa kweli, hata ukienda kwenye kona ukakaa juu ya jiwe mpaka giza liingie. Nilishangaa kwamba Kiswahili kilikuwa nalo siku zote, na kwamba watu wazima walilifahamu, wakachagua kunipa lile jingine. Nikauliza kitu kimoja tu kilichobaki.

"Na mimi? Nakaa hapa ya jasho, au isiyo na jasho?"

Safari hii hakuniuliza jasho gani.

"Isiyo na jasho," akasema. "Sasa vua hilo sweta, mwanangu."

Nikavua. Lilikwama kichwani, akanisaidia kulivuta, na upepo wa ziwa ukanipiga mikononi na shingoni palipokuwa na upele wa joto. Nikijaribu kukumbuka huzuni ya siku ile sipati kitu. Nakumbuka upepo ule tu, ulivyokuwa mtamu. Nimejiuliza mara nyingi kama hilo linanifanya kuwa mtoto mbaya, na bado sijapata jibu ninaloweza kulala nalo.

Mama alikuja, baadaye. Alikuja kahawa ilipokwisha kuvunwa, na miaka mingine pia, na maharage kwenye mfuko, na viatu alivyokisia namba vikawa vidogo. Alilala, akaondoka. Hakuna aliyegombana na mtu. Simlaumu, au nadhani simlaumu; nikianza kulichunguza hilo naishia palepale nilipoanzia, ila nimechoka zaidi. Nimewahi hata kumtetea kwa sarufi: labda alipopita nyuma ya jiko alikuwa anakuja kwelikweli, alikuwa na nia ya kunichungulia tena, mpaka alipofika barabarani akakuta gari limeshawaka. Labda neno lilikuwa kweli kwa hatua chache. Haya ndiyo ninayowaza jioni badala ya kuandika maombi ya kazi.

Na sasa yeye ndiye aliye upande wa pili wa neno. Usiku ule, katika hali ile ya kugeuka huku na huku, nilimwona: mwanamke mwenye magoti mabovu, anaambiwa nakuja wiki hii, anaambiwa nakuja wiki ijayo, anafagia chumba. Jirani anamuuliza, naye anajibu, "Anakuja." Huenda ameshatandika kitanda. Huenda kila gari linalounguruma njiani anainua kichwa. Sikuwa nimepanga kumfanyia hivyo. Nilikuwa naogopa tu kusema hapana.

Kulipokucha nilimkuta Mama mdogo jikoni akipuliza moto.

"Sitaki kuhamia Mbuji," nikamwambia.

"Nimekusikia unasema nakuja."

"Nilisema."

"Mimi sijasema kitu."

"Najua hujasema. Ndiyo maana nashindwa. Sijui kama nakataa kwa sababu naishi hapa, au kwa sababu nina hasira ya zamani, au kwa sababu naona huruma kukuacha wewe. Kama ni hasira si vizuri. Inabidi kwanza nijue."

Akainua macho, mekundu kwa moshi. "Ukishajua utafanya nini?"

"Nitamwambia."

"Na usipojua?"

Nikasogeza kuni motoni.

"Basi mwambie kabla hujajua," akasema. "Mtu mwenye magoti hawezi kusimama mlangoni anakungoja umalize kufikiri. Na mimi usinitie kwenye maneno yako. Nilikulea, sikukufunga kamba."

Nilitoka nje nikapiga simu kabla chai haijachemka, maana nikinywa chai nitaanza kuwaza. Alipokea upesi mno, kana kwamba simu ilikuwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshafunga mzigo?"

"Mama, siji kukaa."

Upande wa pili nikasikia mtoto analia mbali, labda wa yule aliyejenga jirani, na mtu akimbembeleza.

"Kwangu ni huku," nikasema. "Naishi huku. Lakini Jumamosi hii nitakuja. Nitalala, Jumapili nitarudi. Na kila mwisho wa mwezi nitakuja hivyohivyo, nikupeleke na hospitali wakuangalie hayo magoti."

"Huji kukaa," mama akasema.

"Siji kukaa, mama. Samahani nilikuwa nasema vingine."

Nilitaka kuongeza kitu, sababu, maelezo, kitu chochote cha kulainisha, na maneno yalikuwa yanapangana mdomoni kama kawaida yangu. Niliyaacha.

"Jumapili asubuhi au jioni?" akauliza.

"Jioni."

"Jioni huku hakuna gari."

"Basi Jumatatu alfajiri. Nitaomba ruhusa shuleni."

"Jumatatu," akarudia, polepole, kama anayepokea chombo cha udongo. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kugombeza, ambayo kwa kweli sijawahi kuisikia sana. "Mvua huku imeshaanza. Usije na vile viatu vyako vya chuo, utanivunjikia mguu njiani, nani atamhudumia mwenzake?"

Jumamosi nilivaa mabuti ya mvua ya Mama mdogo, yananibana vidole, nikasimama barabarani. Gari la kwanza lilikuwa na nafasi. Kondakta alishuka, akafungua buti la gari nyuma, akaniuliza mzigo uko wapi. Nikamwambia sina mzigo, nina mfuko huu tu, nikapanda.